Mkondo wa Kusini

Bibi Chumvi alikuwa amechoka hata kabla simu haijalia. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye watu walidhani msiba ndio uliomchosha, wakampa pole za uchovu mwingine kabisa. Alikuwa ameshuka melini asubuhi ile ile, baada ya majuma ya kuteremsha vipimo baharini na kuvipandisha, kuteremsha na kupandisha, mgongo unamuuma na viganja vimechunika kwa waya. Alifika kwake, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akatumbukiza miguu na kufumba macho. Hakutaka kuongea na mtu yeyote aliye hai.

Mlangoni pa ofisi yake paliandikwa cheo kirefu ambacho hakuna aliyemaliza kukisoma. Bandarini kote walimwita Bibi Chumvi na yeye akaitika. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kupima chumvi ya maji ya bahari: ni kiasi gani, iko katika kina gani, inaelekea wapi. Halafu, kana kwamba kuna mtu anamfanyia dhihaka, daktari akampima presha na kumpigia marufuku chumvi. Ofisini walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, mzamiaji wa bandari. Alisema shemeji mtu amekula chumvi ya bahari mbili bila kunawa mikono, sasa ananyimwa hata ya jikoni.

Mdogo wake hakucheka. Tangu siku hiyo, kila Bibi Chumvi alipokwenda kula kwake, chakula chake kilichotwa kwanza, ndipo sufuria ikatiwa chumvi. Mdogo mtu hakuwahi kusahau, hata nyumba ilipojaa wageni. Ilikuwa kazi ndogo isiyosemwa, na Bibi Chumvi alikuwa ameizoea kiasi cha kutoiona.

Simu ilipolia alikuwa nahodha wa boti ya uokoaji. Alikuwa akizungumza huku injini inanguruma na upepo unamkatia maneno. Shemeji alikuwa amepiga mbizi kwenda kufungua mnyororo wa boya la kuongozea meli, katikati ya mlango wa bahari. Walipoona amekawia walivuta kamba yake, kamba ikaja peke yake. Walikuwa wameshaangalia chini ya boya, hayupo. Nahodha alikuwa na swali moja tu: maji ya chini kule yakoje?

"Chini ni mkondo wa kusini," Bibi Chumvi alisema. "Tena una nguvu."

Nahodha alishukuru akakata simu. Bibi Chumvi akabaki na simu mkononi na miguu kwenye beseni. Ilimpitia akilini kwamba aende bandarini, akapande ile boti, aelekeze kwa kidole. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi, nalo lilikuwa kumfikia mdogo wake kabla ya majirani. Akatoa miguu majini, akavaa viatu bila kujifuta.

Sasa mlango huo wa bahari si maji ya mchezo. Umekaa kati ya bahari mbili zisizofanana. Ile ya kusini inamiminiwa mito kila upande, kwa hiyo maji yake ni mepesi. Ile ya kaskazini haina mto wa maana, jua linaichoma mwaka mzima, na maji yake ni mazito kwa chumvi. Yakikutana mlangoni hayachanganyiki sana. Kila maji yanashika njia yake. Mepesi yanapita juu kwenda kaskazini, mazito yanapita chini kuja kusini. Anayesimama gatini huona maji yote yanakwenda kaskazini, taka na povu na majani, na anaweza kula kiapo kwamba hivyo ndivyo yalivyo mpaka sakafuni. Bibi Chumvi alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuwaeleza wakubwa kwamba sivyo.

Shemeji hakuhitaji kuelezwa. Aliyajua kwa mwili. Alisema ukishuka, kuna mahali maji yanatetemeka kama hewa iliyo juu ya jiko, na ukipita hapo tu, kitu kinakushika shati kutoka upande wa pili. "Shemeji," alimwambia mara moja wakiwa mezani, "bahari yako ni nyumba ya ghorofa, na wapangaji hawasalimiani." Bibi Chumvi aliupenda usemi huo akauiba, akawa anautumia kwenye mihadhara bila kumtaja mwenyewe.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa mwisho wa mji, upande wa kusini, ghorofa ya pili, dirisha la sebuleni likitazama maji. Watu walijaa siku ile ile. Viti viliazimwa, vikombe vikaazimwa, na jirani mmoja waliyemwita Taarifa akakalia kiti cha karibu na mlango ili asipitwe na habari. Mdogo mtu alikaa dirishani. Hakulia. Alijibu salamu za watu vizuri, kwa adabu, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini, na hilo liliwatisha kuliko kilio.

"Nataka nimwone tu," alimwambia dada yake walipobaki wawili. "Awe vyovyote alivyo. Nikimwona nitalia, nitazika, nitajua niko wapi. Hivi sasa hata kulia siwezi, dada. Nikilia naona kama ninamwua mimi."

Bibi Chumvi alimwambia atapatikana. Hakusema hivyo kwa kumfariji tu, maana yeye na maneno ya kufariji walikuwa hawajuani vizuri. Alisema kwa sababu aliamini. Katika mlango ule wa bahari kuna kizingiti, mwinuko wa mwamba uliolala chini kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yake, kusini, kuna bonde. Maji mazito yakishavuka kizingiti hutumbukia kwenye bonde hilo, hupunguza mwendo, na hutua kila kilichokuwa mikononi mwao. Waya zake zilikuwa zimewahi kunasa huko nyavu kuukuu, viti vya plastiki, na siku moja kiatu cha shule. Alikuwa amemwambia Nahodha mkondo ni wa kusini. Basi Nahodha yuko bondeni, anatafuta. Ni suala la subira.

Kwa hiyo akaosha vikombe. Kila asubuhi alipanga kwenda bandarini, na kila asubuhi wageni walimwahi mlangoni, wengine wakiuliza yale yale waliyojibiwa jana. Alipika chai. Alifagia. Alimsikiliza Taarifa akisimulia juu ya mtu aliyepotea baharini akaonekana baadaye kwenye mji mwingine na mke mwingine, akatamani kumtoa nje na kiti chake. Usiku alilala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mdogo wake, mgongo ukimwambia mambo yake, na asubuhi aliamka amechoka zaidi ya alivyolala. Uchovu ulimkaa kichwani mpaka akawa anafungua bomba na kusahau alichotaka kuosha.

Siku zikapita hivyo. Kisha alasiri moja Nahodha akaja mwenyewe.

Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na alikaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba si chake, kofia juu ya goti. Alimsalimu mdogo mtu, akatoa pole, akakohoa. Halafu akasema lililomleta. Boti inatakiwa kwenye kazi nyingine. Wakubwa wamempa siku ya kesho, basi. Alisema hawakulala. Alisema wamechana maji yote, kutoka kwenye boya mpaka mnara wa taa, na ng'ambo ya mnara pia, na mashine ya kupiga sauti chini haikuonyesha hata kitu cha kudanganyia moyo.

Bibi Chumvi alikuwa anapita na sinia ya vikombe.

"Mnara upi?" aliuliza.

"Wa kaskazini," alisema Nahodha. "Kwani tuna mwingine?"

Aliitua sinia mezani taratibu sana, kwa mikono miwili. Kisha akamwomba Nahodha watoke mara moja nje, kwenye roshani ya kuanikia nguo. Taarifa aligeuza shingo yote kuwafuata kwa macho. Bibi Chumvi akafunga mlango.

Walisimama kati ya mashuka yaliyolowa. Chini yao maji ya juu yalikuwa yanakwenda kaskazini kama kawaida yao.

"Nilikuambia mkondo wa kusini," alisema.

"Ndiyo. Wa kusini. Ndiyo maana tukaenda kaskazini."

"Mkondo wa kusini unakwenda kusini, Nahodha."

Nahodha alimtazama kama anayengoja mwisho wa utani. "Upepo wa kusini unatoka wapi?"

"Kusini."

"Na wimbi la kusini?"

"Linatoka kusini. Lakini mkondo hauitwi hivyo. Upepo tunauita kwa unakotoka. Mkondo tunauita kwa unakokwenda."

"Nayajua hayo," Nahodha alisema polepole. "Nimeyasoma, na mtihani nilifaulu. Lakini hukuniambia darasani, mama. Uliniambia kwenye simu, nami niko usukani, upepo wa kusini unanipiga kisogoni, na maji ninayoyaona yote yanakwenda kaskazini. Nikasikia wa kusini. Kila kitu kilikuwa kinakubaliana."

Bibi Chumvi alitafuta kosa la Nahodha. Kama angepata la kumlaumu angefurahi, maana lawama humpa mtu pa kushikilia. Lakini alichokisema yeye kilikuwa sahihi kwa lugha ya ofisini kwake, na alichokisikia Nahodha kilikuwa sahihi kwa lugha ya botini, na kati ya kweli hizo mbili shemeji yake alikuwa amelala peke yake siku zote hizo. Ingetosha kusema "unakwenda." Neno moja, wala si refu. Hakulisema kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.

"Ningeuliza," alisema Nahodha. "Na mimi nilikuwa nimechoka."

"Kesho ni yako bado?"

"Kesho ni yangu."

"Basi twende kusini. Nami nakuja."

Nahodha alivaa kofia. Alipofika mlangoni alishusha sauti, akasema hakuna haja ya mdogo mtu kujua. Wakimpata, wamempata, wasipompata, kumwambia ni kumwongezea jeraha tu. Alisema kwa wema. Na Bibi Chumvi, ambaye alikuwa amechoka hata kufikiri, aliona ni shauri zuri, akakaa nalo roshanini mpaka mashuka yakaanza kukauka. Hakuna ambaye angejua. Watu wawili wangenyamaza, na mambo yangekwenda na maji.

Lakini alikuwa mtu wa vipimo. Maisha yake yote alikuwa ametukana watu wanaotia chumvi kwenye habari, na wanaoipunguza aliwaona wabaya zaidi. Alikwenda jikoni, akamkuta mdogo wake amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, sufuria inatokota.

"Wamemtafuta kaskazini," alisema. "Yuko kusini. Nahodha alinielewa vibaya kwa sababu nilisema nusu."

Mdogo mtu hakugeuka mara moja. Aliomba aelezwe, akaelezwa: upepo, mkondo, unakotoka, unakokwenda. Jikoni pale maneno hayo yalionekana madogo na ya kijinga.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema mdogo mtu, "ulikuwa unajua aliko."

"Nilidhani na wao wanajua."

"Ulikuwa hapa. Unaosha vikombe."

"Ndiyo."

Mdogo mtu aligeukia sufuria yake. Hakupiga kelele, hakutupa mwiko. Alichukua kopo la chumvi, akatia, akakoroga, akaonja, akatia tena. Jioni hiyo chakula kilipakuliwa kutoka sufuria moja kwa watu wote. Bibi Chumvi alipokea sahani yake akala mpaka mwisho. Ilikuwa miaka hajaonja chumvi. Ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ulimliza, akainamia sahani ili Taarifa asimwone.

Asubuhi walitoka na boti kabla jua halijachomoza vizuri. Bibi Chumvi alikaa karibu na Nahodha, macho kwenye waya uliokuwa umeteremshwa na kipimo chake mwishoni. Juu waya ulilalia kaskazini. Ulipozidi kushuka ukajikunja ukarudi, ukalalia kusini. Nahodha aliutazama mkunjo huo muda mrefu. Vijana wa boti nao wakautazama. Waliyajua maji hayo tangu utotoni, na ndiyo kwanza wanaona yakibishana.

Walivuka kizingiti. Wakapunguza mwendo juu ya bonde, wakaanza kwenda na kurudi kama mtu anayelima tuta, mashine ikipiga sauti chini na kuchora kwenye kioo. Kulikuwa na wavu. Kulikuwa na kitu kirefu ambacho wazamiaji waliteremka kukiona, kikawa bomba. Jua lilipanda likawakalia utosini. Bibi Chumvi alikuwa hali, hanywi, anaangalia kioo tu, na kila kivuli kilipotokea alisogeza uso karibu zaidi. Aliogopa kumpata na aliogopa kutompata, na vitu hivyo viwili havikumpa nafasi ya kupumua.

Alasiri wazamiaji walishuka kwa kivuli kingine wakakawia. Walipotokeza, mmoja wao alivua miwani ya kuzamia na kuinua mkono, na hakuna aliyeuliza. Shemeji alikuwa amelala kando ya wavu kuukuu, mkanda wake wa vipande vya risasi, uzito wa kuzamia, ungali kiunoni. Waliofanya naye kazi miaka yote walimpandisha kwa upole, mmoja akimwita jina na kumwambia taratibu, taratibu kaka, tumefika. Nahodha alivua kofia. Bibi Chumvi alimfunika mwenyewe, halafu akakaa sakafuni karibu naye njia nzima.

Mdogo mtu alikuwa gatini. Walimfunulia uso. Alipiga magoti, akamshika mashavu, na ndipo akalia, kilio kile alichokuwa amekibana tangu siku ya kwanza, mpaka watu wazima wakageuka kutazama pembeni. Bibi Chumvi alisimama nyuma yake. Hakujua kama anaruhusiwa kumshika bega, kwa hiyo hakumshika.

Wakazika. Viti vikarudi kwa wenyewe, vikombe vikahesabiwa, vilivyovunjika vikaombewa radhi. Taarifa aliondoka wa mwisho, kwa shingo upande. Nyumba ikawa na ndugu wawili tu, ambao tangu jikoni siku ile walikuwa wameongea mambo ya sabuni na maji na sanda, basi. Bibi Chumvi alikusanya nguo zake kwenye mfuko. Alikuwa mtu mzima, alijua mahali anapohitajika na mahali anapovumiliwa. Aliona ni vizuri aondoke kabla ya kuambiwa.

Mdogo wake alikuwa dirishani.

"Pale mlipomkuta," alisema bila kugeuka, "ni wapi?"

Bibi Chumvi alisogea akasimama kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kutazama nje kwa dirisha lile tangu siku ya simu. Kazi za nyumba zilikuwa zimemnyima hata hilo. Alinyoosha kidole, halafu akaushusha mkono, maana hakuhitaji kuunyoosha mbali.

"Hapo," alisema. "Mbele ya gati la zamani."

"Hapo mbele."

"Hapo mbele."

Mdogo mtu alipatazama. Siku zote zile alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile akitazama maji yale yale. Bibi Chumvi alingoja maneno makali, na alikuwa tayari kuyapokea yote.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi nyumbani," alisema mdogo mtu.

Maji hayajui nyumba ya mtu. Maji mazito hufuata mteremko, na mteremko uko kusini, na nyumba hii ilijengwa kusini kwa sababu kodi yake ilikuwa nafuu. Bibi Chumvi alikuwa na jibu hilo mdomoni, sahihi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alilimeza.

"Maji yalikuwa yanamrudisha," alisema. "Hilo ni kweli. Yalikuwa yanamrudisha."

Mdogo mtu aliitikia kwa kichwa. Alikaa kidogo, kisha akajifuta uso kwa pembe ya khanga, akainuka, akaenda jikoni. Bibi Chumvi akabaki na bahari. Halafu akauchukua mfuko wake, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni, akaanza kuvaa viatu. Aliinama kwa shida, akafunga kamba ya kwanza. Nyuma yake alisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa mezani, kabati likifunguliwa, kopo likishushwa.

"Dada," mdogo wake aliita. "Njoo uchote chako. Sijatia chumvi bado."

Bibi Chumvi alikifungua tena kiatu.